Tarumbeta la Ivyne na Vijiko Viwili vya Jirani

Kila asubuhi, kabla ya kufunga kamba za viatu, Ivyne alitikisa kichupa chake, akainamisha kichwa na kujipulizia dawa puani: mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, wa kushoto kwa tundu la kulia. Ilikuwa dawa ya steroidi ya kutuliza pua iliyovimba, naye hakuhitaji kukumbushwa. Miaka kumi na miwili tu, lakini kwa mambo ya dawa aliwashinda watu wazima wengi wa mtaa wao wa Dagoretti.

Taabu ni kwamba baba yake, Jackton, aliuza nyasi kavu za ng'ombe, na vumbi lake lilifika nyumbani juu ya koti. Mwezi mzima Ivyne alipuliza, chafya zikamwandama vilevile. Ndipo daktari wa Parklands alipomwongezea kidonge cha mzio, kimoja tu kila jioni.

"Usiache kupuliza," alisema. "Na usichanganye na dawa nyingine kabla ya kuuliza."

Jumapili ya wiki iliyofuata, bendi ya kanisa ingeandamana katikati ya jiji, na Ivyne ndiye angepiga tarumbeta peke yake mwanzoni. Aliitaka nafasi hiyo kwa kufa na kupona. Basi Jumamosi ya mazoezi, siku nane kabla ya maandamano, alipoamka akipiga chafya, alishikwa na wasiwasi akameza kidonge kingine, ingawa alikuwa amemeza kimoja jana yake jioni.

Mara Mama Wangui, jirani yao, akaingia na chupa ya dawa ya mafua. Katika ploti ile ya nyumba za kupanga waliazimana chumvi, kiberiti, hata dawa.

"Kunywa vijiko viwili, mamii. Wangui wangu akikunywa hii, mafua inaisha siku hiyo hiyo."

Ivyne aliona haya kukataa. Akanywa.

Saa tano bendi ilianza mazoezi. Zamu ya Ivyne ilipofika, kukawa kimya. Alikuwa amelala fofofo kitini, tarumbeta mapajani.

"Niaje, Ivyne! Tukuletee blanketi?" Nashon, mpiga tarumbeta mwenzake, akamtania, na bendi nzima ikaangua kicheko.

Bwana Ochola, kiongozi wa bendi, hakucheka. Siku za kazi yeye ni muuguzi. Alimwamsha taratibu. "Umekunywa nini leo?"

Ingekuwa rahisi kusema amechoka tu. Nashon naye alijua kupiga sehemu ile, na Ivyne alijua angeweza kupewa nafasi yake. Hata hivyo alisema yote, kidonge cha pili na vijiko viwili, bila kumlaumu jirani. Huo ndio ujasiri, jamani!

Bwana Ochola alimpigia daktari simu papo hapo, kisha akamwita Jackton.

"Hiyo dawa ya mafua ina dawa ya mzio ndani, tena ya kuleta usingizi," akaeleza. "Amezidisha. Daktari anasema leo asimeze nyingine, na mtu mzima akae naye. Kesho jioni arudie kimoja chake."

Tangu siku hiyo Jackton aliliacha koti lake ghalani. Ivyne alipuliza kila asubuhi, akameza kimoja kila jioni, hata siku ambazo pua ilikuwa shwari. Polepole chafya zikapungua.

Jumapili ilipofika, tarumbeta lake lilisikika safi katikati ya majengo marefu, na wapita njia wakasimama kusikiliza. Jackton alifuta machozi bila kujificha.

"Nilikuachia nafasi hii kwa sababu ulisema ukweli," Bwana Ochola alimwambia. "Dawa moja isipotosha, daktari ndiye huongeza, si sisi. Ukishapewa kipimo, kifuate kila siku, na uulize kabla ya kuongeza chochote."

Jioni hiyo mlango ulibishwa. Alikuwa Mama Wangui, chupa mkononi, Wangui akikohoa nyuma yake.

"Ivyne, mwanangu," alisema, "hebu nisomee kwanza hii iko na nini ndani."