Usimwage Maji

Kopo la rangi lilimponyoka fundi katikati ya msongamano wa duka la vifaa vya ujenzi, likamwagikia gauni la manjano la dada aliyekuwa mbele yake kwenye foleni. Upesi akafungua chupa ya maji.

"Acha," yule dada akasema. "Hiyo ni rangi ya mafuta. Maji yatanilowesha tu. Niletee tapentaini."

"Kumbe nawe ni fundi rangi?"

"Mwalimu wa kemia. Na gauni nimelivaa leo kwa mara ya kwanza."

Gauni halikupona vizuri, lakini walipeana namba za simu. Tangu hapo maongezi yao ya jioni hayakuisha.

"Nifundishe, mpenzi. Kwa nini maji huikataa rangi yangu?"

"Ndani ya maji, oksijeni huvuta elektroni kwa nguvu kuliko hidrojeni. Upande mmoja unakuwa hasi kidogo, mwingine chanya, kwa hiyo molekuli zake hung'ang'aniana. Kwenye mafuta, kaboni na hidrojeni hugawana karibu sawa. Hakuna pande za kuvutana na maji."

"Oksijeni mchoyo, basi."

"Kama wewe na karanga zako."

Mambo yaliharibika siku mwalimu alipompeleka kwa kaka yake, aliyemlea na kumsomesha. Fundi alivaa shati jeupe lililonyooka kwa pasi. Kaka alizitazama kucha zake zenye rangi.

"Dada yangu ana digrii, kijana. Wewe na yeye ni maji na mafuta."

Fundi akamgeukia mwalimu, akingoja neno. Mwalimu, ambaye hakuwahi kumbishia kaka yake, akainamisha macho. Fundi akaaga kwa adabu, akaondoka. Hakupokea simu zake tena.

Wiki iliyofuata, mchana, alikuwa akichemsha mafuta ya kupaka mbao karakanani, mawazo yako mbali. Sufuria ikashika moto. Papo hapo simu ikalia. Alitaka kuikata, kidole kikakosea.

"Nisikilize mara hii tu," mwalimu akasema.

"Siwezi. Mafuta yanawaka. Nachota maji."

"Usimwage maji." Sauti ikambadilika. "Yatazama chini ya mafuta, yageuke mvuke, yakurushie moto usoni. Zima gesi."

"Nimezima."

"Una bati la kufunikia?"

"Kifuniko cha pipa."

"Kitelezeshe juu ya sufuria. Kisha usikifunue, hata ukitamani kuchungulia."

Mwalimu akasikia bati likigonga, kikohozi, kisha kimya.

"Mpenzi? Nijibu basi."

Akakimbilia barabarani kutafuta pikipiki, simu sikioni.

"Nipo," fundi akasema. "Nyusi tu ndizo zilizoungua."

Mwalimu alifika kwa pikipiki, chaki mikononi, kilemba kimemwangukia shingoni. Akaikagua mikono ya fundi kidole kwa kidole.

"Kwa nini ulinyamaza siku ile?" fundi akauliza.

"Niliogopa. Kaka ndiye baba yangu, ndiye mama yangu. Leo asubuhi nimemwambia amekosea."

"Akasemaje?"

"Alikata simu."

"Labda ni kweli. Maji na mafuta..."

"Maji na mafuta hayana hiari. Sisi tunayo."

Simu ya mwalimu ikalia. Alikuwa kaka. Akapokea.

"Uko wapi?"

"Kwa mchumba wangu, kaka."



"Basi aje aniambie hivyo mwenyewe."

Fundi, ambaye hata kuposa alikuwa hajaposa, akavua aproni.

"Twende," akasema.