Tanuru la Darasa la Sita

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, Nyanjige alikuwa ameshachota maji kisimani, amefagia uwanja wa nyumba yao na kumwamkia mama yake, Salu. Kisha alikimbia hadi kandokando ya korongo, mahali ambapo wanafunzi wa darasa la sita walikuwa wakifyatua matofali. Wengine walikanyaga udongo kwa miguu, wengine walijaza udongo huo kwenye kalibu za mbao, na wengine waliyapanga matofali juani yakauke. Kengele ilipolia walinawa miguu haraka na kuingia darasani, tope likiwa bado limeganda kwenye kucha.

Huo ulikuwa mwaka 1975, katika kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Nkoma. Watu walikuwa wamehamia pale mwaka uliotangulia, wakaacha maboma yao ya zamani na kujengewa mistari ya nyumba kando ya barabara. Duka la kijiji lilikuwa bado banda la nyasi. Masika yaliyopita sukari ililowa na chumvi ikayeyuka kwenye magunia. Kwa hiyo mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mahona, aliitisha mkutano akasema kwamba duka jipya la matofali ya kuchoma lazima lisimame kabla ya mvua.

Nyanjige alikuwa na miaka kumi na mitatu, naye alikuwa mwenyekiti wa kazi za kujitegemea darasani kwake. Alisimama katikati ya watu wazima akasema kwamba darasa la sita litatengeneza matofali yote, elfu sita. Badala ya malipo, kijiji kiinunulie shule plau, jembe la kukokotwa na ng'ombe, kutoka mjini Bariadi. Alikuwa amelifikiria jambo hilo kwa muda mrefu. Shamba la pamba la shule lililimwa kwa jembe la mkono, kwa hiyo kila mwaka walichelewa kupanda, na pamba iliyochelewa haikuwapa kitu. Mzee Mahona alicheka kidogo, lakini alikubali. Mwalimu Klementina, mwalimu wao wa darasa, alimwuliza pembeni kama alikuwa ameipima kazi hiyo. Nyanjige alijibu kwamba ameipima.

Mwanzoni kila mtu alikuwa na ari. Baadaye mambo yakaanza kwenda kombo. Usiku mmoja ng'ombe waliingia kwenye uwanja wa kukaushia, wakakanyaga mistari mingi ya matofali mabichi. Baadhi ya wanafunzi waliitwa nyumbani kusaidia kuchuma pamba. Mwezi wa nane ulipoanza, kazi ilikuwa nyuma sana. Nyanjige akawa mkali. Aliwakaripia wenzake kwa kuchelewa, akapunguza muda wa kukausha, na hata jioni hakutaka watu waondoke.

Mwalimu Klementina alishauri wachome matofali yaliyokwisha kukauka kwanza, kisha mengine baadaye. Nyanjige alikataa, akasema kuchoma mara mbili kutawapotezea muda. Alitaka tanuru moja kubwa. Mwalimu aliwaza, akamwachia aamue. Wakayapanga matofali yote kuwa rundo refu kupita kimo cha mtu mzima, wakalikandika tope kwa nje, wakaacha upande wa chini midomo miwili ya kutia moto. Kuni zao zilikuwa miti ya pamba iliyong'olewa mashambani baada ya mavuno. Moto uliwaka kwa kishindo, moshi ukaonekana hadi vijiji vya jirani, na watoto wadogo wakaja kutazama.

Tanuru lilipopoa, walilifungua, darasa zima likishuhudia. Matofali ya chini, karibu na midomo, yalikuwa mekundu na magumu. Lakini kadiri walivyopanda juu, rangi ilififia. Marcelo, mvulana aliyekuwa akifyatua matofali mengi kuliko wote, alichukua moja la katikati akalitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Lilikaa kidogo, kisha likamomonyoka kuwa tope. Matofali mazuri hayakufika hata elfu moja.

Mzee Mahona alikuja mchana. Alilizunguka tanuru polepole, akaokota kipande, akakivunja mkononi bila shida. Alisema kwamba hawalaumu watoto, lakini mvua haitawasubiri. Kijiji kitajenga kwa miti na udongo. Kuhusu plau hakusema lolote, na hakukuwa na haja ya kusema.

Njiani kurudi nyumbani, Nyanjige aliwasikia wasichana wawili wa darasa lake wakisema kwamba yeye ndiye aliyewachosha bure kwa kujitia mkubwa. Hawakujua kwamba yuko nyuma yao. Siku iliyofuata alimwambia mama yake kuwa tumbo linamuuma. Baada ya hapo alikwenda shuleni, lakini korongoni hakukanyaga. Kengele ya kutoka ikilia, alikuwa wa kwanza kuondoka.

Mama yake alimtazama siku kadhaa bila kumwuliza. Kisha jioni moja, walipokuwa wakipepeta mtama, alimwambia amesikia yaliyotokea. Nyanjige alianza kulia.

"Mayu, mama yangu, niliwaambia watu wote kwamba tutaweza," alisema. "Sasa kila anayeniona anakumbuka."

"Wanakumbuka kwa sababu hawajaona kitu kingine," mama alimjibu. "Ukiendelea kujificha, hicho ndicho watakachokumbuka mpaka lini?"

Nyanjige aliendelea kupepeta. Usiku huo hakula vizuri, na maneno hayo yalimkera zaidi ya kumtuliza.

Jumamosi Marcelo alifika nyumbani kwao. Alimwamkia mama yake Nyanjige kwa adabu, kisha akasimama mlangoni akikwaruza ardhi kwa kidole cha mguu. Alisema wenzao wameacha kazi, na mbuzi wameanza kulipanda rundo. Nyanjige alimwambia kwa hasira aende akamweleze mwalimu, kwani yeye si mwenyekiti wa kitu chochote tena.

Marcelo hakuondoka. "Mimi nimefyatua matofali yale kwa mikono yangu," alisema. "Sitaki kuyaacha. Ila sijui tulikosea wapi, na wewe ndiye uliyelipanga tanuru."

Nyanjige alikuwa amejiuliza mara nyingi watu wanamfikiriaje. Hakuwa amejiuliza hata mara moja moto ulishindwa wapi. Alijifunga kanga vizuri, akamfuata.

Walilibomoa rundo mstari kwa mstari, wakiyatenga matofali. Yaliyoiva waliyaweka upande mmoja, mabichi yaliyokuwa bado mazima upande wa pili, na yaliyopasuka wakayatupa. Kadiri walivyoendelea, Nyanjige aliona mpaka wa moto. Wekundu ulianzia kwenye kila mdomo, ukapanda hadi usawa wa kifua chake, ukaishia hapo. Katikati ya midomo miwili kulikuwa na eneo pana ambalo moto haukuligusa kabisa. Majivu nayo yalikuwa mepesi kama unga. Miti ya pamba ilikuwa imewaka kwa nguvu, ikaisha upesi, kabla joto halijaingia ndani.

Aliketi chini akalitazama rundo. Lilikuwa kosa lake, hilo halikubadilika. Lakini sasa lilikuwa kosa lenye umbo, ambalo mtu angeweza kulionyesha kwa kidole. Walikwenda pamoja kwa Mwalimu Klementina, na Nyanjige akamweleza yote. Mwalimu alisikiliza, kisha akasema kwamba naye alikosea, kwa kuwa aliona hatari lakini hakushikilia ushauri wake.

Jumatatu Nyanjige alisimama mbele ya darasa. Aliwaomba radhi kwa ukali wake, akawaeleza walichokigundua, akasema anayetaka aje. Siku ya kwanza walikuja wachache. Walijenga tanuru fupi, lenye midomo minne, kwa yale matofali mabichi yaliyosalimika. Walichimbua visiki vikavu vya migunga kwenye mashamba mapya, kuni ambazo huwaka taratibu na kukaa na joto. Wazazi walipokezana na mwalimu kuulinda moto usizime. Tanuru lilipopoa, walichukua tofali la juu kabisa na kulitumbukiza kwenye maji, likatoka jekundu na zima kama lilivyoingia. Siku iliyofuata wanafunzi wengine walirudi.

Hata hivyo, hawakufika elfu sita. Hawakufika hata nusu. Wingu la kwanza lilipoonekana, Nyanjige alikwenda mwenyewe kwa Mzee Mahona, akasimama mbele yake na mikono nyuma.

"Mzee, hatukufikisha," alisema. "Yaliyopo yanatosha chumba kimoja tu."

Mzee Mahona alikwenda kuyaona. Aliyagonga moja kwa lingine, yakalia. Alisema kwamba chumba kimoja kikavu cha kuwekea sukari na chumvi ni bora kuliko banda zima linalovuja. Kijiji kitajenga stoo kwa matofali hayo, na sehemu nyingine kwa udongo. Plau haitanunuliwa mwaka huo. Wakileta yaliyobaki baada ya mavuno yajayo, makubaliano yatakuwa palepale.

Kwa hiyo mvua zilipoanza, darasa la sita lililima shamba la shule kwa jembe la mkono, kama kawaida. Wengine walinung'unika. Nyanjige alilima bila kuinua kichwa. Walipopumzika, Mwalimu Klementina aliketi nao kwenye tuta.

"Mlipanga jambo kubwa, nalo halikutimia," aliwaambia. "Inauma, na sitawaambia kwamba haiumi. Lakini msipunguze mlichokitaka kwa sababu mmekikosa mara moja. Badilisheni namna ya kukitafuta. Mtu anayeanguka akaona aibu tu hajifunzi kitu. Anayerudi kuangalia alipokosea, hata kama anarudi analia, huyo ataendelea."

Mwaka uliofuata walichoma mara tatu, kila tanuru likiwa dogo, na mara ya tatu hesabu ilitimia. Plau ilifika kutoka Bariadi wakati darasa la Nyanjige lilikuwa limekwisha kufanya mtihani wa mwisho. Waliolima nayo kwanza walikuwa wanafunzi waliowafuata. Nyanjige alisimama kando ya shamba pamoja na Marcelo, wakawatazama ng'ombe wakiivuta na udongo ukigeuka, mpaka upande mzima wa shamba ukawa mweusi.