Kadogo Asiyepiga Kelele

Sogeeni karibu. Mwenye miguu mirefu aikunje. Leo nawapa habari za Sekela na Kadogo.

Sekela ana miaka sita. Anakaa Tukuyu, milimani, kwenye migomba mingi na mvua nyingi.

Mama yake hubeba maziwa. Kila asubuhi hupita nyumba kwa nyumba, hupakia madumu ya watu kwenye pikapu, kisha huyapeleka mjini.

Zamani walikuwa na pikapu kuukuu. Walimwita Babu Kikohozi. Akipanda mlima, alisema hivi:

*Gara-gara-gara! Koho! Koho!*

Moshi mweusi, puuu! Kuku walikimbia. Watoto wachanga waliamka wakilia. Na watu wote walitoka na madumu yao, maana walijua Mama Sekela amefika.

Siku moja Babu Kikohozi alikohoa mara moja tu. Koho. Akazimika. Fundi akasema, "Mwacheni hapa kwangu apumzike."

Ndipo akaja Kadogo.

Kadogo ni pikapu ndogo ya umeme. Ni ya njano kama ndizi mbivu. Ina taa mbili za mviringo, na nyuma pana nafasi ya madumu kumi na mawili.

Kadogo hanywi mafuta hata tone. Anachomekwa ukutani na kuchajiwa, kama simu ya Mama.

Sekela alimpenda hapo hapo. Alimbusu kwenye taa. Taa zote mbili, ili nyingine isinune.

"Tumepewa tumjaribu leo tu," Mama alisema. "Asipofaa, jioni mwenye duka la magari anakuja kumchukua."

"Atafaa, Mama! Atafaa!"

Wakafunga mikanda. Wakaondoka.

*Ssssss! Kadogo huyo, anapita.*
*Hana moshi, hana kelele.*

Sekela alisikia ndege. Alisikia mto. Alisikia hata tumbo lake likidai uji. Mama akacheka.

Wakafika kwa Mzee Mwaipopo. Hakuna mtu nje. Hakuna dumu.

*Ssssss! Kadogo huyo, anapita.*
*Hana moshi, hana kelele.*

Wakafika kwa mama wa mapacha. Hakuna mtu. Hakuna dumu.

Mama akapiga honi. Pii! Pii! Hakuna aliyetoka. Kwenye milima ile kila dereva hupiga honi akifika konani. Bodaboda pii, lori la chai piii. Nani ahangaike kutoka? Na kupiga hodi mlango kwa mlango kungemaliza asubuhi nzima.

Watu walikuwa ndani, wametega masikio. Walikuwa wanamngoja Babu Kikohozi! "Mbona leo hakohoi?" waliulizana.

Jua likapanda. Na maziwa hayapendi jua, yanachacha. Mama akamsimamisha Kadogo. Akatazama nyuma. Hakuna hata dumu moja.

"Sekela mwanangu," Mama alisema, "Kadogo ni mzuri. Lakini maziwa ya watu yataharibika. Itabidi arudi kwa mwenyewe."

Sekela alihuzunika sana. Chozi moja likatoka. La pili likachungulia.

Akafikiri. Watu wanangoja kusikia nini?

Chozi la pili likarudi ndani.

Sekela akashusha kioo cha dirisha. Akavuta pumzi mpaka mashavu yakavimba.

*"Gara-gara-gara! Koho! Koho!"*

"We Sekela! Una nini?"

"Nakohoa, Mama. Geuza gari, turudi kwa Mzee Mwaipopo!"

Wakarudi. *"Gara-gara-gara! Koho! Koho!"*

Mlango ukafunguka, paa! Mzee Mwaipopo akatoka mbio na dumu lake, kiatu mguu mmoja. Akatazama huku. Akatazama kule.

"Babu Kikohozi yuko wapi?"

"Shikamoo, babu. Leo tumekuja na huyu, Kadogo."

"Marahaba. Na aliyekohoa ni nani?"

"Ni mimi."

Mzee Mwaipopo akacheka, akacheka, mpaka maziwa yakacheza ndani ya dumu. Chwa-chwa-chwa!

Kwa mama wa mapacha, Sekela alikohoa tena. Mapacha wakaamka, ila leo hawakulia. Walicheka kwi-kwi-kwi.

"Jamani, gari dogo hivi!" alisema mama yao. "Na halijanijazia moshi kwenye nguo nilizoanika!"

Dumu moja. Madumu mawili. Madumu saba. Watoto wa mlimani wakatoka wote, wakakohoa pamoja naye.

*"Gara-gara-gara! Koho! Koho!"*

Likabaki dumu moja, la Bibi Subilaga.

Bibi Subilaga anakaa juu kabisa. Njia yake ni nyembamba, ua wa miti huku, ua wa miti huku. Babu Kikohozi hakuwahi kupita pale. Kila siku Bibi alishuka na dumu kichwani, polepole, magoti yakimuuma.

Alikuwa ameshaweka ngata yake ya majani ya mgomba kichwani, tayari kubeba.

"Tutapita, Mama?" Sekela aliuliza.

"Tujaribu."

*Ssssss! Kadogo huyo, anapita.*

Majani yakamtekenya huku. Majani yakamtekenya huku. Kadogo akapita! Akafika mpaka mlango wa jikoni.

Bibi Subilaga akasimama, mkono mdomoni.

"Mmenifuata mpaka jikoni kwangu?"

"Ndiyo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Marahaba!"

Bibi akatoa ngata kichwani. Akaiweka juu ya Kadogo, katikati kabisa.

"Kuanzia leo," alisema, "abebe yeye."

Na Bibi Subilaga akacheza kidogo pale mlangoni. Magoti yake hayakusema kitu.

Maziwa yakafika mjini mazuri, hayajachacha hata tone.

Jioni simu ikalia. Alikuwa mwenye duka. "Mama Sekela, nije kumchukua?"

Mama akamtazama Sekela. Sekela alikuwa amefumba macho, vidole vimekazwa.

"Usije," Mama alisema. "Huyu hatoki hapa."

Sekela akaruka, akaruka, akaruka! Akataka kupiga kelele, lakini sauti ilikuwa imekauka. Ilitoka "kwi" tu.

Mama akampa maziwa ya moto. "Na kesho, nani atakohoa?"

"Watoto wote," Sekela alinong'ona. "Tumeshapanga. Kila mmoja atakohoa getini kwao."

Nje, Kadogo alikuwa amechomekwa ukutani, ngata yake kichwani. Anakunywa umeme taratibu.

"Lala salama, Kadogo."

Kadogo hakusema kitu. Ndivyo alivyo.

Sekela akajifunika shuka mpaka shingoni. "Gara-gara-gara," alinong'ona. "Koho..."

Koho ya pili haikutoka. Alikuwa ameshalala.

Haya, na sisi tuikohoe hiyo moja iliyobaki. Polepole, tusimwamshe.

*Koho.*

Sasa tufumbe macho.