Mwenye Rafu ya Chini

Taa zote ziliwaka, ila mwanga wa ile ya chini haukufika ukutani. Rafu nne za juu za kabati la vitabu ziling'aa vizuri, ungeweza kusoma majina ya vitabu ukiwa umekaa kwenye kochi upande wa pili wa sebule. Kwenye rafu ya tano, iliyokuwa tupu, mwanga uliingia kidogo ukaishia katikati, na nyuma yake pakabaki peusi kana kwamba pana pazia. Mama Kipusa akapiga magoti, akapitisha mkono. Hapakuwa na pazia. Ubao wa nyuma ulikuwepo palepale, wa baridi.

"Utepe huu wa taa ni mbovu," akajisemea, akainuka.

Utepe haukuwa mbovu, na yeye alilijua hilo. Alikuwa fundi cherehani, mtu asiyekosea kitu cha kupima na kukata. Zile taa za LED zilikuja kwenye rola moja kama lasi ya gauni. Alizipima kwa futi yake ya kazini, akakata pale palipochorwa alama ya mkasi, akabandua karatasi ya gundi na kuzibandika chini ya kila rafu, akikandamiza kwa kidole gumba. Rola ni moja, gundi moja, adapta moja. Iweje nne zifanye kazi na moja ishindwe?

Sasa nikueleze kwa nini alizifunga, usije ukadhani ni urembo tu. Urembo ulikuwepo, simkatalii, lakini chini ya urembo palikuwa na kisasi. Kabati lile, na nyumba yenyewe, viliachwa na mama mkwe wake, na mwanamke yule, Mungu amrehemu, alikuwa na ulimi wa wembe. Alimwita mkwewe fundi viraka mbele ya wageni. Alionja chakula chake, akasukuma sahani bila kusema neno. Kipusa alipozaliwa, bibi alimfunua shuka, akamtazama, akauliza pua ile imetoka ukoo gani. Mama Kipusa alimeza yote, na vitu vilivyomezwa miaka yote hiyo haviyeyuki, vinakaa tu tumboni vikisubiri siku yao.

Na kulikuwa na amri ya kabati. Rafu ya chini ilifunikwa kwa kitambaa cheusi, na ilikuwa marufuku kukifunua, kumulika tochi wala kusogeza mshumaa. Bibi alisema pana mwenyewe pale, aliyekuwepo tangu enzi za mama yake. Hasumbui mtu, hali kitu, anachotaka ni giza lake tu. Mama Kipusa hakuamini hata chembe. Yeye aliona ni njia nyingine ya yule mama kutawala nyumba: vitabu vinarundikwa sakafuni, vielezo vya mishono vinakunjwa chini ya kitanda, na nafasi nzuri namna ile inatunziwa hewa.

Bibi akafa. Waombolezaji walipotawanyika na nyumba kutulia, Mama Kipusa alienda dukani akarudi na rola ya taa. Alikivuta kile kitambaa cheusi, akakikatakata kuwa matambara ya kufutia vumbi. Mumewe, mwalimu wa watu asiyejua kugombana, alisimama mlangoni akasema taratibu kwamba labda ile ya chini iachwe. Mkewe akamuuliza anamwogopa nani zaidi, marehemu au mke aliye hai. Mwalimu akavaa viatu, akatoka.

"Leo nitakuangaza, mama, mpaka huko uliko ufumbe macho," alimwambia marehemu, huku akibandika utepe wa mwisho. Alikuwa anatabasamu.

Basi hapo ndipo alipofanya kosa, na ni kosa la mapenzi. Nyumba ile ilikuwa na mazoea yake: kila kitu kipya kilifunguliwa na Kipusa. Cherehani mpya ilipoletwa, mguu wa kwanza kwenye pedali ulikuwa wake. Kufuli jipya, ufunguo wa kwanza aliuzungusha yeye. Walisema ana mkono wa heri. Mtoto mwenyewe ndio kwanza alikuwa amejua kusoma, na alisoma kila kilichokuwa mbele yake, pakiti za sabuni, vibao vya barabarani, lebo za nyuzi, na mama yake aliacha kushona ili amsikilize. Hapakuwa na kitu alichokipenda duniani kuzidi macho yale yakikimbizana na herufi. Akamwita, akamwekea swichi mkononi.

"Bonyeza, mwanangu."

Kipusa akabonyeza, akapiga makofi.

Jioni ile, watu wakiwa wanakula, sebule ilijaa harufu ya nguo iliyoungua pasi. Mama Kipusa akaruka kwenda chumba cha kushonea, akijua ameunguza gauni la mteja. Pasi ilikuwa ya baridi, waya wake umezungushwa. Aliporudi mezani akasikia kitu ndani ya kabati, msuguano mdogo wa mbao, kama mtu anayejigeuza kitandani akitafuta upande wa kulalia. Mumewe aliacha kutafuna. Wakaangalia sahani zao.

"Mama," Kipusa akanong'ona, "zima ile ya chini. Anasema inamuumiza."

"Nani anasema?"

"Huyo."

Mama yake akamwambia ale, chakula kinapoa. Taa hakuzizima. Angezizima vipi? Kuzizima kungekuwa kumpa yule bibi ushindi akiwa kaburini, na hasira ni hasara, tunaambiana kila siku na hatusikii.

Asubuhi alifungua madirisha, jua likajaa chumbani kwa mtoto mpaka chini ya kitanda. Kipusa alikuwa amekaa, mikono juu ya magoti, macho wazi.

"Mama, bado hakujakucha?"

Mama Kipusa alidhani ni mzaha. Akapitisha kiganja mbele ya uso wa mwanawe, akakipitisha tena, na macho hayakukifuata.

Hospitalini daktari aliyapima kwa mashine zake, akasema macho ni mazima, hayana jeraha wala ugonjwa, na haelewi. Kisha akamulika kwa kitochi chake kidogo, na mama mtu, aliyekuwa amemshika mtoto mabega, akauona mwanga ule ukiingia kwenye mboni ya mwanawe na kuishia katikati, kana kwamba pana pazia. Harufu ya nguo iliyoungua ikampanda puani. Akamwomba daktari azime.

Waliporudi nyumbani, hawakuwa wamefunga mlango vizuri alipolifikia kabati. Alizing'oa taa zote kwa kucha, gundi ikabanduka na rangi ya mbao, akachukua kitambaa cheusi kipya, akakipinda kwa mkono, akakitundika, akapiga magoti akaomba radhi kwa sauti, yeye ambaye hakuwahi kumwomba radhi mwenye rafu wala mwenye nyumba. Halafu, kwa sababu hofu haimwachi mtu bila kutaka kuhakikisha, akafunua pembe ya kitambaa akamulika tochi. Mwanga ulifika ukutani. Aliona ubao wa nyuma wote, mafundo ya mti, utando wa buibui, vumbi. Mwenyewe alikuwa amehama, na sasa alijua amehamia wapi.

Mwalimu alimleta mganga, mama mfupi mwenye miwani minene, aliyevua viatu mlangoni na kuuliza swali moja tu: nani aliwasha? Walipomwambia, akafumba macho kidogo. Mchana uleule madirisha yakafungwa, Kipusa akakalishwa mkekani, baba yake nyuma yake na mama yake mbele akimshika mikono. Mganga akasoma aliyoyasoma kwa sauti ya chini, na chumba kikaanza kujaa ile harufu, kwanza kidogo kama inatoka kwa jirani, kisha nzito, ikaingia kooni, na mikono ya mtoto ikapoa ndani ya mikono ya mama yake, na msuguano ule wa mbao ukasikika tena lakini sasa haukutoka kabatini, ulitoka kifuani mwa mtoto, kitu kikijigeuza mle ndani taratibu bila haraka, kikijilaza vizuri, kama mtu aliyepata kitanda kilichompendeza kuliko kile cha zamani.

"Nani amekaa humu?" mganga akauliza.

"Aliyefukuzwa kwake." Midomo ilikuwa ya Kipusa. Sauti ilikuwa ya mtu mzima aliyechoka.

"Mtoto hana kosa. Toka."

"Mkono ulioniwashia taa ni huu."

Mama Kipusa akashindwa kujizuia. "Nilimtuma mimi. Taa nilifunga mimi. Nilikuwa na hasira na mkwe wangu."

Uso wa mwanawe ukageuka, macho yasiyoona yakamwelekea sawasawa.

"Na mimi nilikukosea nini?"

Alitafuta moyoni mwake, kule kwenye yote aliyoyameza, akakuta matusi ya mkwewe yamepangwa moja moja, na la huyu halikuwepo hata moja. Machozi yakamtoka.

"Hukunikosea," akasema. "Mwache aone. Njoo kwangu. Ukitaka giza, litie kwangu, popote upendapo."

Mganga alimkamata mkono kwa nguvu. "Nyamaza, mwanangu," alimnong'oneza. "Usimpe neno lisilo na mpaka."

"Nimekubali," sauti ikasema.

Harufu ikakatika. Mama Kipusa alifumba macho, akasubiri upofu wake, na kusema kweli hakuogopa. Alikuwa ameshaanza kujifundisha jinsi ya kushona kwa kupapasa. Akamsikia Kipusa akivuta pumzi ndefu, kisha akamsikia akisoma, kwa sauti yake mwenyewe, herufi kwa herufi, maandishi yaliyokuwa kwenye mfuko wa mganga. Mwalimu akalia kama mtoto. Mama Kipusa akafumbua macho akitarajia weusi, akaona chumba chote, mkeka, mume wake, mwanawe akicheka. Anaona! Wote wawili wanaona. Akamshukuru Mungu, akanyoosha mikono.

Kipusa alikuwa anaangaza huku na huku.

"Baba, mama yuko wapi?"

"Niko hapa, mwanangu, mbele yako."

Mtoto akatazama pale sauti ilipotoka. Kicheko kikamwisha. Akachomoa mikono yake, akarudi nyuma kwa makalio mpaka akagota kwenye magoti ya baba yake.

"Baba, washa taa. Hapo pana giza."

Mwalimu akainuka akafungua madirisha, jua la mchana likamwangukia mkewe kichwani, mabegani, mapajani. Mganga alikuwa anakusanya vitu vyake bila kumtazama mtu. Mama Kipusa akamwita mwanawe tena, kwa jina la utani alilompa mwenyewe, kwa upole wote aliokuwa nao, na mtoto akaficha uso kifuani mwa baba yake.

"Linaongea kama mama," akasema. "Baba, washa na taa."

Akalia, na kila mama yake aliponena, kilio kilizidi. Mama Kipusa akafunga mdomo. Akasimama polepole, akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, akatoka nje, akauvuta mlango nyuma yake, na hapo ndipo mtoto akanyamaza.