Podikasti ya Muhogo Mchungu

Kila Alhamisi, baada ya usafi wa asubuhi, darasa la sita la shule moja huko Matambarale lilisikiliza podikasti, yaani vipindi vya sauti ambavyo wanafunzi walivirekodi wenyewe kwa simu ya Mwalimu Agatha. Wiki hiyo ilikuwa zamu ya Raudha. Alikuwa amemhoji bibi yake jinsi ya kuandaa muhogo mchungu ili usimdhuru mlaji.

Raudha alikulia Nachingwea mjini, na Kimwera, lugha ya bibi yake, kilimpiga chenga. Bibi naye huchanganya Kimwera na Kiswahili. Alipomuuliza muhogo hulowekwa siku ngapi, Raudha alinasa maneno mawili tu: "siku moja." Yaliyofuata hakuyaelewa. Aliirudia sauti ile mara tano, akazidi kuchanganyikiwa. Mwishowe alikiondoa kipande hicho, akasema kwa sauti yake: "Bibi anashauri tuloweke siku moja, kisha tuanike."

Kipindi kilipokwisha, darasa zima lilipiga makofi. Wenzake wakaandika madaftarini.

"Leo umenifundisha hata mimi," alisema Mwalimu Agatha, ambaye kwao hawalimi muhogo mchungu.

Raudha alitabasamu, lakini moyo haukutulia. Je, alisikia sawasawa? Kama alikosea, mbona wote wamefurahi?

Wakati wa mapumziko, mwanafunzi mwenzake Beatrisi alimkimbilia. "Raudha, umeturahisishia kazi! Mama kaloweka muhogo jana. Nikifika nyumbani namwambia auanike leo leo."

Raudha aliwaza haraka. Akisema, watamcheka. Akinyamaza, je?

"Usimwambie kwanza," alisema.

"Kwa nini? Si bibi yako ndiye kasema?"

"Sijui alisema nini!"

Hapohapo alikwenda ofisini. "Mwalimu, ile siku moja... nilibahatisha. Sikumwelewa bibi."

Mwalimu Agatha akatoa simu. Sauti ya awali ilikuwa bado imo. Alimwita Shaibu wa darasa lao, ambaye nyumbani kwao huzungumza Kimwera. Shaibu alisikiliza, akashika kichwa.

"Bibi anasema siku moja haitoshi! Ni siku tatu au nne, mpaka ukiuminya unalainika. Ukiwahi kuutoa, unaweza kuwalaza watu hospitali."

Raudha alibubujikwa na machozi. Mwalimu hakumkaripia. Kabla ya kengele ya kutoka, walirekodi kipindi kingine mbele ya darasa, na Raudha mwenyewe akakianza: "Wenzangu, nilikosea. Tafadhali futeni mlichoandika asubuhi."

Hakuna aliyecheka. Beatrisi ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika kifutio.

"Na mimi nilikosea," Mwalimu Agatha aliwaambia wote. "Nilipaswa kuuliza kabla ya kuwaacha mwandike. Mtu akisikia jambo kwenye kipindi, huliamini na kwenda kulifanya. Kwa hiyo usipoelewa, sema hujaelewa. Raudha amechelewa kusema, lakini amesema kabla mtu hajaumia, na hapo ndipo amenifundisha kweli."