Sauti ya Vijiko Viwili

Kila Jumamosi, akishamaliza kufagia na kuanika nguo, Kidole alimsaidia mama yake, muuguzi, kutunza tovuti ya zahanati. Jina hilo la utani alilipata kwa wepesi wake wa kubofya.

Maelezo ya dawa ya homa ya watoto yaliwekwa humo kwa namna nne: maandishi ya Kiswahili, tafsiri kwa wageni, karatasi ya kuchapisha, na sauti kwa wasiojua kusoma. Sauti hiyo ilikuwa ya Kidole mwenyewe.

"Dawa iliyokuja sasa ni kali zaidi," mama alisema Jumamosi moja akivaa viatu kwenda kazini. "Si vijiko viwili tena, ni kimoja. Badilisha kote, mwanangu. Kote, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Alibadilisha Kiswahili, tafsiri na karatasi. Ndipo wenzake wakamwita nje. "Kidole! Umeolewa na hiyo kompyuta?" Alicheka, akamwandikia mama "tayari", akakimbilia kuruka kamba.

Adhuhuri alipita dirishani kwa fundi cherehani, bibi jirani aliyemshonea mkoba wake uliochanika bila hata kuombwa. Leo cherehani ilikuwa kimya. Mjukuu wake mchanga alikuwa analia, na simu ilikuwa inasema: "Mpe mtoto vijiko viwili vya dawa."

Ile ilikuwa sauti yake!

"Bibi, usimpe!" Aliingia bila hodi. Kijiko cha kwanza kilikuwa kimeshamezwa. Cha pili kilikuwa karibu na mdomo wa mtoto, kimejaa. "Ni kimoja tu, bibi! Kimoja!"

Bibi alirudisha mkono, dawa ikamwagika kwenye khanga. "Sasa nimfuate yupi, mjukuu wangu? Wewe wa kwenye simu au wewe wa mlangoni?"

"Wa mlangoni," Kidole alijibu akilia. "Nilisahau kubadilisha sauti."

Bibi alimpangusa machozi kwa pindo kavu la khanga. "Basi, yamekwisha. Sitamwambia mtu."

Lakini je, wengine walioisikiliza wangekuwaje? Kidole alikimbia hadi zahanati, akamweleza mama kila kitu.

Mama alibadilika uso, ila hakumgombeza. Aliiondoa ile sauti, akafungua daftari na kuwapigia simu wazazi wengine watano waliochukua dawa asubuhi ile. Wanne walipokea, na watoto wao walikuwa salama. Wa tano hakupokea. Simu iliita, ikakatika, ikaita tena. Kidole aliuma ukucha mpaka ukauma.

"Haloo?" mzazi wa tano akapokea hatimaye. "Chupa? Bado hata sijaifungua."

Mama alishusha pumzi, akamvuta Kidole karibu. "Maelezo ni yale yale, mwanangu, lakini yana milango minne. Kila mtu huingia kwa mlango anaouweza. Ukiusahau mmoja, umemsahau mtu. Na ukisema 'tayari', kuna mtoto anayenyweshwa dawa kwa neno lako. Leo umekosea, lakini umekuja kusema mapema. Hilo ndilo limetuokoa."

Walirekodi sauti upya. Kisha Kidole akaorodhesha namna zote nne juu ya ukurasa, kila moja na tarehe yake ya kubadilishwa.

Jioni bibi aliisikiliza mara mbili, akamtazama Kidole aliyesimama mlangoni, akatabasamu.

"Haya, sasa nyinyi wawili mnasema jambo moja."