Kitambaa Kilichokunjwa Ndani ya Mshono

Sogeeni karibu, wazazi wenzangu, hili haliko mbali na milango yetu.

Asubuhi moja cherehani ya Fundi ilikuwa inakwenda barazani, na kitindamimba wake anapiga pasi huku akimtania, "Mama, kwa kazi hii hata kivuli chako kitaomba likizo!" Wakacheka. Kisha Fundi akamwambia ajaribu gauni lake la njano, alilompunguzia juzijuzi tu. Likamning'inia mabegani kama liko kwenye kamba. Binti akaangua kilio, akasema yote: anakula kwa pupa akiwa peke yake, kisha anajitapisha.

Mama akamkimbiza hospitali.

"Huu ni ugonjwa, mama, si jeuri," daktari alisema. "Dawa hizi zitapunguza ule msukumo wa kula na kutapika. Lakini dawa ni sehemu tu ya tiba. Aje kwa mshauri kila wiki, nawe ukae naye mezani. Akishakula, usimwache peke yake."

Fundi alishika la dawa. Mengine yakaingia sikio hili yakatokea lile. Msimu wa harusi ulikuwa umepamba moto, wateja wamejaa mlangoni. Safari za kwa mshauri zikakatika. "Kwenda kuongea tu?" alisema. "Si hata hapa tunaongea!"

Maongezi yenyewe ndiyo haya:

"Mama, leo tutakula pamoja?"

"Umemeza dawa?"

"Nimemeza."

"Haya, chakula kipo jikoni. Wenye nguo zao wananisubiri."

Mwishowe binti akaacha kuuliza. Maskini! Alikula peke yake, akatapika peke yake, na kidonge nacho kikatoka na chakula. Gauni likapunguzwa tena. Fundi hakukata kitambaa kilichozidi, alikikunja ndani ya mshono. "Utanenepa, mwanangu, tutalifumua," alimwambia. Alimpenda, jamani, msidhani hakumpenda.

Siku moja akiwa katikati ya kushona alisikia kishindo bafuni. Hospitalini waliambiwa kutapika kumemaliza chumvi mwilini, moyo umechoka.

"Mara ya mwisho mshauri alisemaje?" daktari aliuliza.

"Tuliacha kwenda," Fundi alisema. Jioni ile binti yake akafariki.

Baada ya mazishi Fundi aliketi na lile gauni, akafumua mishono yote, akakunjua kitambaa alichokihifadhi, akalipiga pasi. Likarudi upana wake wa zamani. Akalikumbatia, akalia mpaka sauti ikamkauka.

FUNZO

Ndugu zangu, ugonjwa wa ulaji unaua, na dawa yake msiidharau wala msiikatishe bila kumuuliza daktari. Ila kidonge hakiwezi kuketi mezani na mtoto. Dawa, mshauri na watu wa nyumbani huenda pamoja, kimoja kikikosekana mgonjwa anabaki peke yake. Majuto ni mjukuu. Mwanao akikuuliza kama leo mtakula pamoja, simamisha cherehani, nawa mikono, ukae ule naye.